Mapaja ya Kubana Ngoma

Mlali, 9 Februari 1991

Yudith mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Huku mvua imetukumbuka, mtama umefika magotini. Baba yako anakohoa lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo usihangaike. Kaka yako amerudi Kibaigwa kubeba magunia ya watu, amekonda mwili wote isipokuwa mdomo. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume. Mkwe wangu Charles hajambo? Na mjukuu wangu Octavian, yale meno yaliyong'oka yameota?

Sasa lililonishikisha kalamu. Ile ngoma kubwa ya muheme, mchezo wetu wanawake, ninayoipiga mbele ya wanawake wote wa Mlali niliipata kwa shangazi yangu, naye kwa shangazi yake. Katika nyumba yetu haipiti kwa binti wa kuzaa, inapita kwa binti wa kaka. Na binti wa kaka yangu ni wewe peke yako, Mungu hakuniwekea wa akiba. Nimekata shauri nikukabidhi mwaka huu, Jumamosi tarehe 17 Agosti, mavuno yakishaingia ghalani.

Masharti uliyasikia tangu mdogo, ila nayarudia usije ukajifanya umesahau. Anayekabidhiwa anasimama mbele ya watu, anaibana ngoma katikati ya mapaja, pale kwenye kiuno chembamba cha ngoma yenyewe, anapiga nyimbo saba mfululizo. Hairuhusiwi kuifunga kamba, wala kuishikilia kwa mkono. Ikigusa ardhi kabla ya wimbo wa saba kwisha, inatoka kwetu na kwenda nyumba ya Ndahani. Na huko yuko Evodia, binti mwenye mapaja kama vinu, anaisubiri huku anacheka.

Sitakuficha, mwanangu. Krismasi nilikuona. Ulishushwa kwenye lori na wanaume wawili. Ulipiga wimbo mmoja na nusu ukaomba maji ya kunywa na kiti. Umenenepa, na si ule unene wetu mgumu, ni unene wa kuchezacheza kama uji unaochemka. Una miezi sita. Fanya unavyojua. Ngoma nitakutumia baada ya Pasaka uizoee.

Shangazi yako,
Anjelina Chilongani


Dodoma, 3 Machi 1991

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta ofisini, nimeisoma masjala nyuma ya kabati la mafaili ili wenzangu wasione ninavyojishika mdomo. Sisi hatujambo. Octavian ameota meno mawili makubwa mbele, anatafuna kila kitu mpaka penseli. Charles anakuamkia, amenunua redio ya mitumba, anaipigapiga makofi ndiyo iseme. Mwambie baba apeleke kikohozi hicho zahanati, asijitibu kwa majani.

Shangazi, ulivyoandika habari ya uji nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Lakini nisikilize na mimi. Zamani hapa Dodoma ukitaka sukari ulipanga foleni tangu alfajiri. Tulikuwa wembamba sote, tena bila jitihada. Sasa maduka yamefunguka: mafuta ya kopo, siagi, mkate, soda kreti kwa kreti. Saa nne mama chai wetu Kuluthumu anaingia masjala na beseni la maandazi ya moto. Nikae nimtazame tu?

Na kinachoniuma ni hiki. Swaumu, mtu wa Kondoa tunayekaa naye meza moja, anakula maandazi manne na chapati juu, na sketi bado inamzunguka kiunoni. Mimi nikila moja, kesho yake kifungo kinaruka. Haki iko wapi hapo? Mungu alinipa mwili usiosahau chakula.

Lakini ngoma haitakwenda kwa kina Ndahani. Nimepiga moyo konde. Nimepima hospitali, kilo tisini na moja, na hilo usimwambie mtu. Tangu Jumatatu sili chakula. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana tikiti, jioni tikiti. Na tumboni nimejifunga mpira wa ndani wa baiskeli, Swaumu anasema unayeyusha mafuta.

Ila shangazi, mbona haraka hivi? Wewe bado una nguvu zako. Na ukinitumia hiyo ngoma baada ya Pasaka, wewe utapiga nini?

Mwanao,
Yudith


Mlali, 7 Aprili 1991

Yudith,

Kristo amefufuka, na barua yako nayo ilifufuka siku hiyohiyo. Ilikaa mwezi mzima kwenye meza ya mwalimu mkuu chini ya madaftari. Baba yako amekwenda zahanati, wamempa dawa nyekundu tamu, sasa anakohoa makusudi ili apewe tena. Dume letu limeanza kula majani. Alizeti nazo zimefunga vizuri.

Tikiti? We mtoto! Tikiti ni maji yaliyovaa nguo ya kijani. Na huo mpira wa baiskeli uvue kabla hujavimba. Lo! Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, nikidhani waliosoma tangu utoto wana akili zaidi.

Habari ya mwili usiosahau, hiyo ni damu yetu. Sisi kina Chilongani ndivyo tulivyo. Babu yako alinenepa mwaka wa njaa, watu wakamshuku anaficha akiba. Usishindane na damu. Lakini shangazi yangu alikuwa mnene kukuzidi, na ile ngoma akiibana ungedhani imepigiliwa misumari.

Ngoma inaondoka Jumatano na lori la mahindi la Kibaigwa. Dereva ataishusha Ihumwa, karibu na mjini kwenu, kwa rafiki mmoja wa Charles. Ipokee kwa mikono miwili. Nataka uniandikie: umeibana? Imekaa nyimbo ngapi?

Pasaka sikupiga, mkono uliniuma kidogo. Hakuna la ajabu.

Shangazi yako


Dodoma, 2 Mei 1991

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mkono umepona. Sisi tu wazima. Jana tulikwenda kwenye maandamano ya Mei Mosi, nimetembea mpaka uwanjani bila kupumzika, wewe!

Fungua bahasha taratibu, ndani kuna picha. Nimepiga studio, lile gauni la bluu ni la zamani, nililinunua kabla Octavian hajazaliwa. Tazama mwenyewe! Kilo sabini na sita! Kumi na tano zimekwenda na maji ya ndimu. Ofisini wananiita Miss Masjala. Wanaume wa idara ya pili, ambao hawajawahi kuleta faili kwa miguu yao, sasa wanaleta kila saa. Charles ndiye hajafurahi. Anasema kwao Bukoba mke akikonda hivi, wakwe wanaitisha kikao kuuliza kama mume anaacha hela ya chakula. Kila jioni ananiwekea sahani ya ndizi mbele, na mimi naisukumia kwa Octavian.

Wakati mwingine kichwa kinazunguka kidogo, na nywele zinatoka kwenye kitana, lakini hayo madogo.

Kuluthumu anapita na beseni lake na mimi natazama dirishani. Natazama kabisa, shangazi, mpaka apite. Ungeniona ungenipa tuzo.

Ngoma imefika salama. Nimeiweka sebuleni, nimeifunika kitambaa.

Mwanao mwembamba,
Yudith


Mlali, 26 Mei 1991

Yudith mwanangu,

Tunavuna. Nakuandikia vidole vikiwa na michubuko ya mabua. Kaka yako amekuja kusaidia siku tatu, siku mbili kati ya hizo alilala. Baba yako hajambo, ile dawa imekwisha na kikohozi kimekwisha pia.

Picha nimeipata. Kwanza nilidhani ni ya huyo Swaumu wako. Nikaigeuza nyuma, nikaona umeandika jina lako. Nikaita baba yako. Baba yako akavaa miwani, akavua, akasema shingo hii si ya kwetu. Mama Ndahani naye alipita, akatazama, akaniuliza kwa sauti ya msibani kama unaumwa na tumeficha. Nikamwambia mwanangu anaumwa umaridadi tu, aende zake. Lakini usiku sikulala vizuri, Yudith. Mashavu yamekwenda wapi? Na mikono ile ya kubebea ndoo?

Sasa nikuulize. Umeniandikia kurasa tatu. Wanaume wa idara ya pili umewapa mistari miwili, ndizi za Charles mstari, beseni la Kuluthumu mistari minne. Ngoma ya mababu umeipa kitambaa. Mimi si mtoto. Nilikuuliza imekaa nyimbo ngapi, hukujibu. Umeijaribu au hujaijaribu?

Jibu hilo tu. Salamu nyingine zote ziache.

Anjelina


Dodoma, 14 Juni 1991

Shikamoo shangazi,

Umesema niache salamu, naziacha.

Nimeijaribu. Niliijaribu usiku uleule ilipofika, mwezi wa nne. Nikaifunua, nikaibana, nikapiga mapigo manne, ikateleza mpaka chini ikanidondokea kidole gumba cha mguu. Nikasema ni sakafu. Nikajaribu tena nje kwenye mchanga, ikateleza. Nikavaa kitenge kizito, ikateleza na kitenge. Krismasi nikiwa na kilo zote zile pumzi ilinikatika, ni kweli, lakini ngoma haikuanguka! Sasa pumzi ipo na mapaja hayapo. Nimeyatazama kwenye kioo, yamekuwa membamba na bado ni laini, yananing'inia kama nguo ya kuazima. Niliifunika kwa sababu nilikuwa naona aibu hata kuitazama. Niliogopa kukuambia, shangazi. Niliona nimeshaipoteza, na wewe bado unanitumainia.

Halafu tarehe 20 Mei nikaanguka masjala. Nilikuwa nashusha faili la rafu ya juu, nikaona giza, nikaamka nimelala juu ya mafaili ya pensheni. Aliyenipepea ni Zaidi, tarishi wetu, kijana wa Kondoa anayenyanyua vyuma. Mikono yake ukiiona utadhani amefunga viazi vikuu ndani ya shati. Akaniuliza nimekula nini. Nikasema tikiti. Akaniuliza jana. Nikasema tikiti. Akakaa chini kabisa, akasema, "Dada Yudith, unajua umepunguza nini? Umepunguza nyama."

Akanieleza palepale, Swaumu anasikiliza. Anasema mwili ukifungiwa chakula haukai kungoja, unatafuta pa kula, na pa rahisi ni misuli usiyoitumia. Kwa hiyo nilivyokuwa nafurahia mizani, nilikuwa najila mwenyewe mapaja. Na mtu mwenye mwili kama wetu, unaoweka akiba upesi, akija kuanza kula tena anarudishiwa mafuta, misuli hairudi yenyewe. Anabaki mnene kuliko mwanzo na hana nguvu. Anasema mafuta yanaondoka polepole, kwa kupunguza kidogo tu, na misuli inabaki ukiilisha na ukiipa kazi nzito, ili mwili uone bado inahitajika.

Nikamwambia habari ya ngoma na tarehe 17 Agosti. Nikamuuliza, wiki zilizobaki zinatosha? Akakuna kichwa, akasema hajui, hajawahi kumfundisha mtu kwa ajili ya ngoma.

Tumeanza. Kwake ana makopo ya rangi aliyoyajaza saruji, mawili mawili kwenye ncha za bomba. Naliweka bomba mabegani, nachuchumaa, nainuka. Siku ya kwanza nilichuchumaa nikabaki huko, wakaninyanyua. Charles alikuja na gazeti kulinda heshima ya mke wake, siku ya pili akaweka gazeti chini, siku ya tatu akavua shati. Swaumu naye alikuja kutucheka. Zaidi akampa kopo moja tu alishike. Shangazi, mwembamba wetu yule hakuweza hata kulifikisha kiunoni! Sasa naye anakuja.

Nakula. Asubuhi mayai mawili na uji wa uwele bila sukari. Mchana maharage au dagaa, mboga nyingi, ugali wa ukubwa wa ngumi yangu. Jioni samaki au maziwa mgando, na karanga kiganja kimoja. Soda nimeiaga. Andazi nakula moja Ijumaa, na Kuluthumu ananichagulia lililo kubwa.

Nisamehe kwa kuficha. Na wewe nakuuliza mara ya pili, mbona haraka mwaka huu?

Yudith


Mlali, 7 Julai 1991

Mwanangu Yudith,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia la mtama, nimecheka mpaka gunia likapasuka. Mafaili ya pensheni! Asante kwa kusema. Ngoma ikimdondokea mtu kidole, ameshatambulishwa, sasa mnajuana. Mtama tumepata magunia kumi na moja. Baba yako anakusalimu, anasema hiyo shingo irudishe.

Huyo Zaidi ana akili kuliko shati lake. Mimi nilikuwa sijui kuyasema, lakini nilikuwa nayaona. Shangazi yangu alitwanga, alisaga kwa jiwe amepiga magoti, alipanda na ndoo ya maji kutoka korongoni, na jioni alikula mlenda kwa kunde na maziwa. Hakuwahi kuwa mwembamba. Hakuna aliyemtaka awe mwembamba. Wewe pia usitafute kiuno cha Swaumu, kiuno hicho hakipo kwenye damu yako. Tafuta mapaja ya nyumba yetu na pumzi ya kuyafuata. Mafuta yatakayoondoka yaondoke, yatakayobaki ni ya ukoo.

Ongeza hili la kwangu: ukitembea kwenda ofisini, bana mtungi mtupu... hapana, watakucheka. Nyumbani basi, ukipika, bana mto wa kulalia katikati ya magoti. Na ngoma uivue hicho kitambaa, isikuone mgeni.

Halafu muulize Zaidi jambo dogo. Mtu mzima, tuseme wa miaka sitini na moja, aliteleza korongoni mwezi wa kwanza, akaumia goti, akalala ndani wiki nne, na paja la mguu huo limekuwa dogo kuliko mwenziwe. Mtu kama huyo, misuli inarudi? Au ndiyo basi? Nauliza kwa ajili ya jirani.

Shangazi yako


Dodoma, 30 Julai 1991

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na umpe shikamoo yangu huyo jirani pia.

Nianze na yeye. Zaidi anasema inarudi. Polepole, lakini inarudi, hata kwa mtu wa miaka sabini, ilimradi goti lenyewe limepona na daktari wa zahanati amelitazama. Jirani akae kwenye kigoda kirefu, ainuke bila kushika kitu, akae tena taratibu bila kujitupa. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Akizoea, mara kumi. Akizoea zaidi, ashike debe lenye maji nusu. Apumzike siku moja katikati. Na ale mayai, asiwauzie wenye hoteli mayai yote halafu yeye ashindie chai na kiporo cha ugali. Zaidi hakusema hilo la hoteli, nimeongeza mimi, kwa sababu huyo jirani namfahamu tabia.

Mimi sasa. Nimepima juzi nikataka kuipiga teke ile mizani. Kilo sabini na tisa! Nimeongezeka tatu! Nilirudi nyumbani nimenuna, Charles akaniuliza mbona sketi umeifunga pini mbili. Nikatazama. Kweli, pini mbili, mwezi wa tano ilikuwa moja. Kiuno kimepungua na kilo zimepanda. Zaidi akasema nyama ni nzito kuliko mafuta, mizani haijui kutofautisha, nisiiulize tena mambo ya ngoma. Mapaja nikiyagonga kwa ngumi yanajibu. Lile gauni la bluu haliniingii tena mapajani, nimempa Swaumu, na wala sikuumia moyo.

Nabana nyimbo tano. Wa sita miguu inatetemeka mpaka majirani wanaona. Wa saba sijawahi kuufika. Zimebaki wiki mbili na siku kadhaa na ninaogopa, shangazi. Naogopa watu, namwogopa Evodia, naogopa uso wako ikianguka. Nimeomba likizo ya siku nne, bosi akauliza sababu, nikaandika "mambo ya ukoo."

Sikuulizi tena mbona haraka.

Mwanao,
Yudith


Mlali, 25 Agosti 1991

Yudith mwanangu, bibi wa ngoma,

Uliondoka na lori la alfajiri bila kuniamsha, tukabaki na maneno tumboni. Baba yako tangu siku ile anatembea kijijini bila kazi yoyote, anasimama kila mlango kusalimia, apongezwe. Kaka yako ameahidi Kibaigwa nzima kwamba siku moja utakwenda kupiga pale sokoni, sasa utajua mwenyewe.

Nakuandikia yale usiyoyaona, maana tangu wimbo wa tatu ulifumba macho.

Wimbo wa kwanza na wa pili wanawake walikuwa wanakupima tu, kama watu wanaonunua mbuzi. Wa tatu, Mama Ndahani akaacha kutafuna. Wa nne, wale waliokuja kucheka Krismasi wakaanza kuitikia. Wa tano, jasho likakushuka mpaka magotini, na hapo ndipo ngoma ilipoteleza. Wewe uliisikia, sisi tuliiona. Ilishuka kutoka mapajani mpaka juu ya magoti. Evodia akapiga hatua moja mbele, na simlaumu, hata mimi ningepiga. Moyo wangu, Yudith, ulikwenda na ile ngoma.

Halafu wewe ukafanya jambo ambalo mwanamke wa Mlali hajawahi kulifanya. Badala ya kuipandisha, ukaifuata. Ukachuchumaa, ukashuka nayo, ukashuka, kitako karibu kukaa vumbini, na mikono haijaacha kupiga hata pigo moja! Huko chini ukaibana upya, kisha ukainuka nayo. Taratibu. Umenyooka. Vigelegele vilivyopigwa, mbwa walikimbia. Na kwa sababu watu walipenda, ukawarudishia tena kwenye wimbo wa sita, mara tatu, makusudi, bila sababu, kwa ujeuri wa ukoo. Wa saba sitauandika. Wa saba nililia, sikuuona vizuri.

Wazee wakabishana kama ngoma iligusa ardhi. Unajua aliyemaliza ubishi? Mama Ndahani mwenyewe. Aliinama akakagua vumbi pale uliposhuka, akaona nyayo zako mbili tu, akasema, "Haijagusa. Mpeni mwanamke ngoma yake." Nimempelekea debe la mtama. Evodia naye amekuja jana kuuliza hayo makopo ya saruji yanatengenezwaje.

Sasa na langu. Pasaka mkono haukuniuma. Niliteleza korongoni Januari, na wewe ulishajua jirani ni nani, mjanja wewe. Siku nilipoamka kitandani niliibana ngoma peke yangu ndani ya nyumba, mlango nimeufunga, ikaanguka kwenye wimbo wa kwanza. Niliketi chini kando yake. Miaka thelathini na minne nimeibana, ilikuwa haijawahi kugusa ardhi. Nikaona nikukabidhi kabla mtu hajajua, na ndiyo maana haraka. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kuichukua kwa kunihurumia, nami sikutaka ipite kwa huruma. Umeichukua kwa mapaja yako. Nimefurahi mpaka nashindwa kukaa.

Na kweli sikai. Tangu barua yako ya Julai ilipofika nainuka na kigoda kama mwehu. Mara tano nilifika siku ya kwanza huku nimeng'ata kanga. Sasa ni ishirini, na debe limejaa. Mayai siuzi tena, wenye hoteli wamekuja kulalamika. Daktari wa zahanati amelibonyeza goti akasema nimempunguzia kazi. Jana nimeazima ngoma ndogo ya Mama Ndahani, nikafunga mlango, nikabana nyimbo mbili. Haikuanguka.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, mwanangu. Masharti ya nyumba yetu yanasema ngoma inapita kwa binti wa kaka. Nimeyapitia yote kichwani, hakuna mahali panaposema shangazi akishaitoa haruhusiwi kuidai. Krismasi ukija, njoo nayo. Tutasimama mimi na wewe mbele ya watu, nyimbo saba kila mmoja, mwenye mapaja aondoke nayo. Na mwambie Zaidi anitumie makopo mawili ya saruji, yale mazito. Hili debe la maji limeanza kunidharau.

Shangazi yako,
Anjelina